Usiku wa Ijumaa katika Daftari la Mashine

Sina mazoea ya kuchungulia maandishi ya watu, na marehemu mzee wangu alinilea nikijua kwamba jicho lina adabu zake kama ulimi ulivyo na zake. Walakin alasiri ile, nilipokuwa nimeketi juu ya ukuta wa Forodhani nikimngojea rafiki aliyechelewa, upepo wa kaskazi ukivuma na wauza pweza wakianza kupanga meza zao, jicho langu lilikwenda lenyewe kwenye kompyuta ya binti mmoja wa chuo kikuu aliyekaa karibu nami pamoja na wenziwe wawili, na lilipofika huko likagoma kurudi. Kioo kilijaa maandishi ya ile lugha ya mashine, mabano juu ya mabano na maneno ya Kiingereza yaliyokatwa vipande vipande, ila katikati yake, mithili ya mtu aliyeingia na kanzu na kofia yake katika mkutano wa wageni, ulikuwamo mstari mmoja wa Kiswahili safi: "Usiku wa Ijumaa wa hapa ni Alhamisi ya mashine. Usifute. Kama hujui kwa nini, muulize bibi."

Rafiki yangu alikuja, tukazungumza, tukaagana, nami sikumbuki hata neno moja katika tuliyozungumza. Ni bibi gani huyo aliyepata njia ya kuingia ndani ya programu? Nani aliyechelea kwamba atatokea mwingine aje afute, hata ikambidi amwachie wasia kama mtu anayekaribia kusafiri? Siku ya tatu yake nilirejea pale pale kwa makusudi, nikamkuta binti yule yule, nikamwamkia, nikamkiri kosa langu na kumwomba radhi. Alicheka, akaniambia, "Si kitu, baba. Imeandikwa isomwe." Kisha akanielekeza kwa mwalimu wake.

Mwalimu huyo, ambaye wanafunzi humwita Maalim, na ambaye alinisihi nisilitaje jina lake wala la chuo chake kwa kuwa kazi, alivyosema, ni ya vijana, anafundisha uhandisi wa programu katika mojawapo ya vyuo vikuu vya Unguja. Vitatu kati ya hivyo wasomaji wanavijua: Chuo Kikuu cha Zanzibar kilichopo Tunguu, na kile cha Chukwani kinachoitwa leo Sumait, vyote viwili vya mwaka 1998, na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1999 kikaanzia Vuga kabla ya kujenga makao makuu yake huko huko Tunguu. Maalim ni mtu wa makamo, mpole wa sauti, mwenye tabia ya kunyamaza kidogo kabla ya kujibu, na kabla ya kushika chaki alifanya kazi miaka minane Dar es Salaam katika kampuni iandikayo programu za mabenki. Alinipokea chumbani mwake baada ya sala ya adhuhuri, akaniagizia chai, na alipoanza kusema sikupata haja ya kumchokonoa.

"Nilihitimu ninajua kuandika programu na sijui kufanya kazi," alisema. "Chuoni niliandika peke yangu, nikasahihishwa peke yangu, nikapewa alama peke yangu. Siku ya kwanza kazini nikakabidhiwa msimbo wa miaka sita ulioandikwa na watu kumi na mmoja, na tisa katika hao wamekwishaondoka. Nikaambiwa, rekebisha hapa, na usivunje pengine. Siku nne sikuandika hata herufi moja. Nilikuwa nasoma tu, na kila nikisoma najiuliza, mtu huyu kwa nini alifanya hivi? Bila shaka alikuwa na sababu yake. Aliondoka nayo."

Hayo si mashaka ya Maalim peke yake, wala hayakuanza jana. Oktoba 1968 wataalamu walikusanyika Garmisch, nchini Ujerumani, kwa mwaliko wa kamati ya sayansi ya NATO, na mkutano huo ndio ulioieneza ile ibara ya "uhandisi wa programu", kwa sababu mashine zilikuwa zimekua upesi kuliko maarifa ya kuziandikia, na programu kubwa zilichelewa, zilipita bajeti, au zilitoka na ila zisizohesabika. Tangu hapo fani imejifunza desturi zake: kuweka tarehe na sababu ya kila badiliko, kuandika majaribio yanayothibitisha kazi, kusomeana maandishi kabla ya kuyakubali, na kutoa kazi kidogo kidogo badala ya kuirundika hadi siku ya mwisho. Hayo yote yamo vitabuni na mwanafunzi yeyote mwenye hafidha nzuri aweza kuyataja. Kuyatenda, kila siku, pamoja na watu wengine wanne ambao hukuwachagua wewe, ndiko anakokufundisha Maalim, naye hufundisha kwa zoezi moja tu linaloanza muhula unapoanza na kumalizika unapomalizika.

Zoezi la mwaka nilipomtembelea lilikuwa daftari la zamu za wauguzi wa zahanati ya kubuni. Maalim hakutaka yeye mwenyewe ajifanye mteja, kwa kuwa mwalimu akiulizwa swali na mwanafunzi hujibu kama mwalimu, yaani hujibu vizuri mno. Akamwomba mmoja wa wanafunzi wake, ambaye ndiye binti niliyemkuta Forodhani, amlete bibi yake, mkunga mstaafu kutoka Makunduchi, mji ambao mwaka wa jua wa Nairuzi bado unaogwa kila Julai na watu wake wamezoea kuishi na kalenda zaidi ya moja. Bibi hana kompyuta wala hana haja nayo. Alipewa kiti mbele ya darasa, akajitanda kanga yake vizuri, akawaambia vijana kwamba zahanati yake ina zamu tatu: ya asubuhi inaanza saa moja, ya mchana inaanza saa saba, ya usiku inaanza saa moja.

Vijana wakaandika kama walivyoambiwa: moja, saba, moja. Mashine, ambayo siku yake huanza katikati ya usiku na ambayo haijapata kuliona jua likichomoza, ikawapanga wauguzi wa asubuhi na wa usiku waje kazini pamoja saa saba za usiku wa manane, na wa mchana wafuate alfajiri ikiisha. Walipotanabahi, wakaongeza sita katika kila saa, wakafurahi, kwa maana moja na sita ni saba, na saba na sita ni kumi na tatu, na hesabu zote mbili zilikuwa sawasawa kwa mchana kutwa; ila usiku ulipoingia, muuguzi wa usiku akajikuta amepangwa aingie kazini asubuhi, bega kwa bega na yule wa asubuhi, na wodi ikalala bila ya mtu. Wakatenganisha usiku na mchana. Hapo ikazuka saa kumi na mbili, ambayo huja mara mbili kwa siku, jua likitoka na jua likizama, kisha ikazuka saa sita ya usiku, ambayo kwa mashine ni sifuri, na sifuri hiyo ni ya tarehe nyingine.

Maalim aliwaacha wahangaike hivyo juma zima. "Ningeliwaambia siku ya kwanza, wangelinukuu," alinieleza, "na kunukuu wanajua tangu darasa la kwanza." Juma la pili akawakataza kugusa msimbo. Akawaamuru kwanza waandike majaribio, mstari mmoja kwa kila saa ya siku, saa ishirini na nne, kushoto jina la saa kama linavyotamkwa nyumbani na kulia namba inayotarajiwa na mashine. Na hii kanuni ya kutanguliza majaribio mbele ya msimbo, ambayo Mmarekani Kent Beck ndiye aliyeivumisha zaidi katika miaka ya mwisho ya karne iliyopita na ya mwanzo ya hii, vijana wengi huiona kama kumtandikia punda aliye bado tumboni. Jedwali lililoonekana jepesi liliwachukua siku mbili. Saa kumi na moja kabla ya jua kutoka, je, iandikwe ya usiku au ya alfajiri? Waliotoka mjini walisema neno, waliotoka Nungwi na Kizimkazi wakasema jingine, na ilidhihiri kwamba watoto wa kisiwa kimoja, wanaosikia adhana ile ile, hawakuwa wameafikiana usiku unaishia wapi. Iliwalazimu waifanye programu ikubali majina yote mawili.

Nilidhani kisa kimekwisha. Maalim akatikisa kichwa, akamimina chai ya pili.

Daftari lilipokuwa tayari, vijana walimwalika Bibi mara ya pili aje alijaribu, wakamsomea majina na siku. Alisikiliza kwa makini mpaka walipofika kwa mkunga wa usiku wa Ijumaa, akauliza, huyu ataingia siku gani? Kijana mmoja akajibu kwa kujiamini kwamba ataingia Ijumaa, saa moja ya usiku. Nusu ya darasa wakaitikia kwa vichwa. Nusu ya pili wakamtazama mwenzao kwa mshangao, kwa maana kwao, kama ilivyo kwa wazee wetu wote wa pwani hii, siku huanza magharibi, na usiku wa Ijumaa ni ule unaoamkia Ijumaa, ambao mashine na ofisi na simu za mkononi huuita Alhamisi.

"Mwanangu," Bibi alimwambia yule kijana, "usiku ndio unaotangulia. Mchana unaufuata. Sasa wewe ukinipanga Ijumaa jua likishazama, huo ni usiku wa Jumamosi. Na wa usiku wa Ijumaa atazalishwa na nani?"

Wakalifungua daftari lote, wakaona. Kulikuwa na usiku mmoja usio na mkunga na usiku mmoja wenye wakunga wawili. Zahanati ilikuwa ya kubuni, haina kitanda wala mzazi, wala hakuna aliyedhurika. Lakini Maalim ananiambia darasa lilinyamaza kwa muda, na mjukuu wa Bibi, ambaye ndiye aliyekuwa ameandika sehemu ile, aliyatazama yale majina mawili kwenye kioo kama mtu anayetazama jambo lililokwisha kutokea.

Marekebisho yenyewe yalikuwa madogo kupita kiasi: palipotajwa usiku kwa jina la siku, itolewe siku moja. "Alama ya kutoa na namba moja," alisema Maalim, akaichora juu ya meza kwa ncha ya kidole chake. "Sasa tafakari, ndugu mwandishi. Baada ya miaka mitatu atakuja kijana hodari, pengine hodari kuliko hawa, pengine hajapata kufika Unguja. Ataiona ile kutoa-moja imekaa peke yake. Atasema, huyu alikosea, siku haitolewi moja hapa. Ataifuta, atajiona amefanya hisani, na majaribio yasipokuwapo programu itakwenda vizuri kabisa. Itakwenda vizuri mpaka usiku wa Ijumaa."

Kwa hiyo binti akaandika mstari ule. Hakuambiwa auandike hivyo. Maalim alimwambia tu aache sababu, na neno la bibi alilitia mwenyewe.

Katika darasa hili kila badiliko, hata liwe la herufi moja, huhifadhiwa pamoja na maelezo mafupi ya mwandishi wake, kitendo ambacho vijana hukiita kukomiti, na orodha ya maelezo hayo ndiyo historia ya kazi. Maalim alinionyesha orodha ya kundi moja la mwanzo wa muhula. Ilisomeka: nimebadilisha, nimebadilisha tena, ya mwisho, ya mwisho kweli, hii ndiyo. Akanionyesha ya kundi lile lile miezi mitatu baadaye, na humo niliona sentensi nzima nzima: kwamba saa kumi na moja sasa inakubaliwa kwa majina mawili kwa sababu watu wa mjini na wa shamba hawasemi sawa, kwamba jina la tatu limefanywa kuwa si la lazima kwani mteja amesema wako wauguzi walioandikishwa kwa majina mawili, kwamba jaribio fulani limeondolewa na fulani amekubali. "Ulichobadilisha mashine inakiona yenyewe," ndivyo anavyowaambia. "Haikioni kilichokufanya ubadilishe." Na amewaamuru waandike kwa Kiswahili. Kwa Kiingereza, alisema, walikuwa wakitupa neno moja lenye maana ya kutengeneza, wakaenda zao. Kwa Kiswahili wanaona haya kuandika upuuzi, kwani huo hata mama zao wangeusoma.

Nilivutwa sana na jambo hilo. Mwaka 2004 wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi ulioitwa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia barua na mahesabu yenye maneno ya Kiswahili, na lugha yetu ikapata kukaa mbele ya kioo pale msomaji anapoona. Maalim anaikalisha nyuma ya kioo, kule ambako mafundi husemezana, na sijui kama kuna wengi waliopata kuliona hilo kuwa ni mahali pake.

Chombo wanachotumia kuhifadhia historia hiyo ni Git, ambacho Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alianza kukiandika Aprili 2005 baada ya wenye chombo ambacho waandishi wa Linux walikuwa wakikitumia kabla yake kuondoa ruhusa ya kukitumia bure. Sitawachosha wasomaji kwa ufundi wake, ila iko sifa moja ambayo Maalim huisema kwa hisia zisizo za kawaida kwake: kila mshiriki anayo nuskha kamili, si ya msimbo wa leo tu, bali ya historia yote tangu mstari wa kwanza, hata mtandao ukikatika, hata mashine kuu ikizama baharini. Nilipomuuliza kwa nini jambo hilo linamgusa hivyo, alinyamaza kuliko kawaida yake.

Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wakati Unguja ilipoingia gizani Disemba 2009, umeme utokao Bara kwa waya wa chini ya bahari ulipokatika, na giza lile, lililokuja mwaka mmoja na nusu tu baada ya lile la mwezi mzima wa 2008, likadumu hadi Machi 2010. Waliokuwapo wanakumbuka ndoo za maji na ngurumo za majenereta. Yeye mradi wake wa kuhitimu, kazi ya miezi saba, ulikuwa katika flashi moja aliyoivaa shingoni kwa uzi, na alikuwa akienda kulipa kwa saa katika duka lenye jenereta. Jioni moja jenereta lilipwita, taa zikang'ara kupita kiasi kisha zikazimika, na flashi ilipochomolewa ilikuwa imekufa. Hakumlaumu mwenye duka, naye alimrudishia fedha zake. "Nilikuwa na nuskha moja," alisema. "Mtu mwenye nuskha moja hana kitu, ana bahati."

Neno hilo la nuskha, ambalo alilitumia mara nyingi, ndilo lililonifunulia kwamba Maalim hakuyaokota maarifa yake yote Dar es Salaam. Alisomeshwa utotoni na babu yake hapa hapa Mji Mkongwe, chuoni, na msomaji atanisamehe nikitua kidogo juu ya neno hili, kwani lugha yetu imeliweka mahali pazuri: chuo kwa wazee lilikuwa jina la kitabu, na Utendi wa Tambuka, ambao nuskha yake inayotajwa kuwa ya 1728 ni miongoni mwa hati za kale kabisa za Kiswahili, uliitwa pia Chuo cha Herekali, kisha likawa jina la mahali mtoto anapofundishwa Kurani, na leo ni jina la mahali anapofundishwa kuandikia mashine. Katika elimu ile ya kale, nuskha mpya haikuaminiwa mpaka ikabiliwe na ile iliyonakiliwa, mmoja akisoma kwa sauti na mwingine akifuata kwa kidole, na pale walipokomea siku hiyo huandikwa pambizoni neno balagha, yaani amefika, ili kesho waanzie hapo na ili atakayekuja ajue ni wapi palipohakikishwa na wapi bado. Mwenye kuona tatizo hakulifuta, aliandika hashia, yaani maelezo ya pambizoni. Na elimu yenyewe ilikwenda kwa silsila, fulani kaipokea kwa fulani, hata leo watu wa mji huu wakitaja darasa la Sheikh Abdalla Bakathir wa Ukutani au la Sayyid Ahmad bin Sumeyt, waliofariki wote wawili mwaka 1925, hutaja pia nani alikaa mbele ya nani. Nilimweleza Maalim kwamba naona vijana wake wanafanya mambo hayo hayo. Alitabasamu, akasema hilo hakuwaambia wao, kwa kuwa wangelidhani anawavutia upande wa dini, na yeye anawavutia upande wa uangalifu.

Walakin adabu za kisiwa hiki zina uzito wake wa upande wa pili. Kanuni ya darasa ni kwamba msimbo wa mtu hauunganishwi na tawi kuu, yaani kazi ya pamoja, mpaka mwenziwe ausome na kuukubali, na miezi miwili ya mwanzo usomaji huo haukuzaa kitu, kwani kila aliyepelekewa kazi aliandika chini yake "nzuri", au "mashaallah", akaipitisha. Si uvivu. Kijana wa Kizanzibari amelelewa asimtie mwenziwe aibu mbele za watu, na kumwonyesha mtu kosa lake kwa maandishi yatakayobaki humo daima ni kama kumfedhehesha mara nyingi. Mmoja wao, kijana mkimya kutoka Jambiani, aliliona lile kosa la saa sita ya usiku juma zima kabla ya wengine wote na hakusema. Alipoulizwa alijibu kwamba aliyeandika ni mkubwa kwake kwa miaka miwili.

Basi Maalim akatandika mkeka. Sisemi kwa mfano: alileta mkeka kutoka kwake, akaondoa meza, akawakalisha kwa mduara kama wakaavyo watu wa darsa, na kila mwandishi akawa anausoma msimbo wake kwa sauti, mstari kwa mstari, na kuueleza. Msikilizaji hana ruhusa ya kusema "umekosea". Ana ruhusa ya kuuliza. Ikifika saa sita hapa, patakuwaje? Mtu akiwa hana jina la tatu, atapita wapi? Nilikaa nyuma ya mduara huo siku moja, na kwa muda wa nusu saa nilimsikiliza kijana akisoma vizuri kabisa mpaka alipofika mstari fulani, akapunguza mwendo, akarudi nyuma, akausoma tena, akanyamaza, kisha akasema, "Ngojeni." Hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu. Baada ya mikao mitatu ya namna hiyo ndipo maswali yalipoanza kuandikwa chini ya kazi za watu, na yule wa Jambiani, ambaye hadi leo hasemi sana, ndiye anayeandika mengi kuliko wote.

Nilimuuliza Maalim kama njia hii itaenea. Hakunipa jibu la kunifurahisha. Mtihani wa mwisho, alisema, bado unamtaka mwanafunzi aeleze maana ya jaribio, wala haumtaki aandike hata moja. Alama bado ni za mtu mmoja mmoja, na aliyeandika hashia kumi na mbili zilizookoa kazi za wenziwe hana safu ya kuzihesabia. Darasa lake ni la watu thelathini, naye husoma historia ya kila kundi kila wiki, usiku, kwa bando anayoinunua mwenyewe. Wakiwa mia, je? Na hao wanaohitimu, wengine watakwenda Dar es Salaam, wengine Maskati na Dubai, kufanya kazi na watu wasiojua neno moja la Kiswahili. Maelezo waliyozoea kuyaandika kwa moyo kwa lugha ya mama, watayaandika vipi huko? "Nadhani aliyejifunza kutoa sababu kwa lugha moja ataitoa kwa nyingine," alisema, kisha akaongeza, "nadhani."

Lipo na jambo jipya zaidi. Muhula huu wanafunzi kadhaa wamemletea kazi iliyoandikwa na akili mnemba, nayo hawaifichi, kwa kuwa hakuikataza. Msimbo ni nadhifu, majaribio yamo, hata maelezo ya kila badiliko yamo, marefu na ya adabu. Akawakalisha juu ya mkeka na kuwaambia wasome. Walisoma vizuri, na kila walipoulizwa kwa nini hapa imekuwa hivi, walitazamana. Maalim hakukasirika; alionekana kwangu mtu aliyepatwa na swali ambalo babu yake hakumwachia hashia. Ule msimbo wa Dar es Salaam wa watu kumi na mmoja ulikuwa na sababu zilizoondoka na wenyewe. Huu, aliniuliza, sababu zake ziliondoka na nani?

Sikuwa na la kumjibu, naye hakungoja jibu.

Siku ya kuagana niliteremka hadi Forodhani kumshukuru binti. Ilikuwa Alhamisi, jua linagusa maji, na moshi wa mishikaki umeanza kupanda. Alikuwa akimalizia kazi: wamekubaliana, baada ya mabishano ambayo alisema hayajaisha, kwamba programu isiamue yenyewe, bali karani akitaja usiku wa Ijumaa imuulize, je, unakusudia ule unaoamkia Ijumaa au Ijumaa ikishachwa? Bibi haipendi, anasema hakuna haja ya kuuliza jambo linalojulikana. Ule mstari wa bibi, binti ameuacha mahali pake. Adhana ya magharibi ikaanza, akaandika maelezo yake upesi, sentensi mbili, akahifadhi, akafunika kompyuta nusu ili anyanyuke. Kabla haijazima niliiona tarehe ambayo mashine iliipiga yenyewe kando ya jina lake: Alhamisi. Misikitini, usiku wa Ijumaa ulikuwa umekwisha kuingia.